Mtoto wa Tripoli na Msimu wa Bulldogs

Mwenye kovu usidhani kapoa. Ndivyo walivyosema wakale wetu, na methali hiyo ndiyo iliyonijia nilipokaa kuandika habari za msimu mmoja wa klabu ya raga ya Canterbury-Bankstown Bulldogs, ya mjini Sydney, Australia. Msimu wenyewe ni wa mwaka 2004. Miaka mingi imepita tangu hapo, na waliocheza siku zile wamekwisha kustaafu, lakini kisa chao hakijazeeka. Na kwetu sisi watu wa pwani kina ladha ya peke yake, kwa kuwa nguzo moja kubwa ya msimu ule ilikuwa ni Mwislamu mswalihina, mtoto wa Kiarabu aliyekimbizwa na vita kwao, akaenda kupata jina katika mchezo ambao babake hakuupata kuucheza.

Sababu ya kuandika ni vijana wa barazani kwetu. Wanamjua Sonny Bill Williams, yule jitu la Nyuzilandi. Wameiona picha yake alipokwenda Makka na Madina mwaka 2018, wakapendezwa, wakaniuliza: huyu katokea wapi? Nikawajibu kwamba mti huujua udongo wake, na udongo wa kwanza wa Sonny Bill katika raga ya kulipwa ulikuwa ni Bulldogs, mwaka huohuo wa 2004, alipokuwa na miaka 18 tu. Lakini katika timu ile, siku zile, Mwislamu aliyekuwa akitazamwa na wote hakuwa yeye. Alikuwa Hazem El Masri. Vijana wakatazamana, jina hilo hawakulijua. Basi makala haya ni ya kuwajulisha wao, na wewe msomaji pia ukipenda.

NDUGU WA BABA MMOJA

Kwanza tuelewane juu ya mchezo wenyewe. Raga tuijuayo sana hapa Kenya ni ile iitwayo yunioni, hasa ile ya watu 7, ambayo vijana wetu walitwaa nayo kombe la Singapore mwaka 2016. Raga wanayocheza Bulldogs ni ya ligi. Hizi mbili ni ndugu, baba mmoja mama mbalimbali, na kama ilivyo kwa ndugu wengi wa namna hiyo, waliachana kwa sababu ya fedha.

Huko kaskazini ya Uingereza, katika karne ya 19, wachezaji wengi walikuwa wafanyakazi wa viwandani na wa migodini. Mtu akienda kucheza siku ya Jumamosi alikatwa ujira wa siku ile. Vilabu vyao vikaomba ruhusa ya kuwalipa fidia ya kazi waliyoikosa. Mabwana waliotawala mchezo, wengi wao watu wa kusini wenye nafasi zao, wakakataa. Walisema mchezo uchezwe kwa mapenzi, si kwa malipo. Ni rahisi kusema hivyo kama chakula cha usiku kimekwisha kupikwa nyumbani. Tarehe 29 Agosti 1895, katika hoteli moja mjini Huddersfield, vilabu vya kaskazini vikajitenga na kuanzisha chama chao. Mchezo huo ukafika Sydney, ligi ya huko ikaanza mwaka 1908, nayo Canterbury-Bankstown ikaingia mwaka 1935. Tangu asili yake, basi, ni mchezo wa mtu wa jasho.

Kanuni zake si ngumu. Kila upande una wachezaji 13. Timu yenye mpira hupewa nafasi 6: kila mwenye mpira akikamatwa na kuangushwa, nafasi moja imekwenda, na ya 6 ikiisha mpira hupewa wenzao. Ukiuweka mpira chini nyuma ya mstari wa adui umefunga trai, nayo ni pointi 4. Baada ya trai, mpigaji hupewa mkwaju wa kuupitisha mpira kati ya milingoti miwili na juu ya mti uliolala katikati. Ukipita ni pointi 2. Iko pia drop, mkwaju wa papo kwa papo wakati mchezo unaendelea, nayo siku zile ilikuwa na pointi 1.

Naomba uukumbuke huo mkwaju wa baada ya trai, maana ndio roho ya kisa hiki. Haupigwi popote mtu atakapo. Hupigwa katika mstari ulionyooka na pale trai ilipowekwa. Trai ikifungwa katikati, mkwaju ni mwepisi. Ikifungwa pembeni, karibu na chokaa, mpigaji huiona ile milingoti imesogeana kama mlango uliorudishwa. Hapo uwanja mzima hunyamaza, na wenye chuki huzomea. Sisi tufungao mashairi tunaijua hali hiyo: mizani ni nane, si saba na nusu, na hakuna wa kukusaidia kuhesabu.

KOVU LA MWAKA 2002

Ili kuujua uzito wa msimu wa 2004, yafaa kurudi nyuma miaka miwili. Mwaka 2002 Bulldogs walikuwa moto wa kuotea mbali. Walishinda mechi 17 mfululizo, wakawa wanaongoza ligi, na watu wao wa mitaa ya Belmore, Lakemba, Punchbowl na Bankstown wakaanza kuuhesabu ubingwa kama mali iliyo mfukoni.

Ligi ile ina sheria moja njema. Kila klabu imewekewa kiwango cha jumla ya mishahara kisichovukwa, ili tajiri asiwanunue wachezaji wote wazuri akamwachia mnyonge makapi. Mwezi wa Agosti mwaka ule ikafichuka kwamba Bulldogs wamekivuka kiwango hicho kwa kitambo, tena kwa njia za siri. Hukumu ikawa nzito: klabu ilinyang'anywa pointi 37 za msimamo na kutozwa faini ya dola 500,000 za Australia. Kutoka kileleni wakaporomoka hadi mkiani, wakamaliza wa mwisho kabisa.

Mtu aweza kusema kwamba walioharibu ni wa ofisini na waliolia ni wa viwanjani. Kuna ukweli hapo, lakini si wote, maana fedha ile ilikuwa na walioipokea. Hata hivyo watazamaji hawakupokea kitu. Fundi, mwuza duka na dereva wa teksi waliokuwa wakilipa tikiti kila wiki, wao walikuta tu pishi imepigwa teke na mchele umemwagika. Na mwaka 2003, walipojikusanya upya, wakatolewa na Sydney Roosters hatua moja tu kabla ya fainali.

Kisha ukaja mwaka 2004, na kabla ligi haijaanza likaja lililo baya zaidi. Mwezi wa Februari, baada ya mechi ya matayarisho katika mji wa Coffs Harbour, mwanamke mmoja alitoa mashtaka kwamba alidhulumiwa heshima yake na wachezaji wa klabu hiyo. Polisi walichunguza kwa muda wa miezi miwili, na mwisho wake hakuna aliyefikishwa mahakamani, kwa kuwa wanasheria wa serikali walisema ushahidi haukutosha. Sheria haikusema zaidi ya hapo, nami sitasema zaidi. Lakini mkuu wa klabu alijiuzulu, klabu ikatozwa faini kwa mwenendo wa watu wake, na kwa miezi mingi kuvaa fulana ya Bulldogs mjini Sydney ilikuwa ni kutaka kutazamwa vibaya.

MTU WA LAKEMBA

Katika hali hiyo ndimo alimokuwa akicheza Hazem El Masri.

Alizaliwa mwaka 1976 Tripoli. Si ile ya Libya, ni ile ya kaskazini ya Lebanoni. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha kuanza alipozaliwa. Mwaka 1988 wazazi wake walihama naye kwenda Sydney, naye ni kijana mdogo ambaye Kiingereza hakijui na mchezo aupendao ni kandanda. Raga aliikuta huko, katika mitaa hiyohiyo ya kusini-magharibi ya mji ambamo Walebanoni wengi wamefanya makao. Lakemba iko jirani na Belmore, kitovu cha Bulldogs. Kuna msikiti mkubwa hapo uitwao kwa jina la Sayyidna Ali bin Abi Talib, na siku hizi usiku wa Ramadhani mtaa wa Haldon hujaa watu na moshi wa mishikaki, hata mgeni kutoka Mombasa asingejiona mgeni sana.

El Masri aliingia timu ya kwanza ya Bulldogs mwaka 1996, na tangu hapo hakuhamia klabu nyingine mpaka alipostaafu. Hakunywa pombe. Aliswali. Dini yake hakuificha wala hakuitembeza kama biashara. Miaka ya baadaye, Ramadhani iliporudi nyuma hadi ikaingia ndani ya msimu, alijulikana kwa kufunga huku mazoezi yakiendelea.

Wala tusijidanganye kwamba nyumba aliyoishi ilikuwa safi kila pembe. Vilabu vya jimbo lile la New South Wales hupata sehemu kubwa ya fedha zao katika mashine za kamari na katika baa. Mwislamu achezaye huko ameingia nyumba ambayo si kila chumba ni chake. Wako wasomi watakaomlaumu, na wako watakaomhurumia. Mimi nasema tu kwamba alijua mlango wa kuingilia na mlango wa kupita mbali nao, na huo nao ni ujuzi.

Tena ukumbuke zama zenyewe. Mambo ya Septemba 2001 yalikuwa bado mabichi. Oktoba 2002 mabomu ya Bali yaliua watu 202, na 88 kati yao walikuwa Waaustralia. Vita vya Iraki vilikuwa vimewaka. Mtu mwenye jina la Kiarabu mjini Sydney alitazamwa kwa jicho la pili, na kukitokea fujo yoyote mechini kidole kilielekezwa kwa vijana wa Kilebanoni. Sisi wa pwani hali hiyo tunaijua bila ya kufundishwa. Kwa hivyo El Masri alipouweka mpira chini kwa mkwaju, hakuwa amebeba pointi 2 tu.

POINTI 342

Mechi za ligi zilikuwa 24. Bulldogs walishinda 19, wakamaliza wa pili nyuma ya Roosters. Mkufunzi wao alikuwa Steve Folkes, mchezaji wa zamani wa klabu hiyohiyo, mtu asiyependa maneno mengi. Alifariki mwaka 2018, kabla ya uzee. Nahodha alikuwa Steve Price. Wengine ni Willie Mason, jabali la mbele, Andrew Ryan, Braith Anasta, Matt Utai, mfupi mnene wa asili ya Pasifiki aliyekuwa akikimbia pembeni kama mpira uliopigwa teke, na huyo kijana Sonny Bill.

Na El Masri alifunga, akafunga, akafunga. Mpaka msimu unakwisha alikuwa na trai 16 na mikwaju 139. Fanya hesabu mwenyewe: 16 mara 4 ni 64, na 139 mara 2 ni 278. Jumla ni pointi 342 kwa msimu mmoja, na hakuna aliyewahi kufikia idadi hiyo katika ligi ile kabla yake. Mwaka 2021 Reuben Garrick wa Manly alikaribia sana, akaishia 334.

Ligi ikiisha, timu 8 za juu huingia katika mechi za kutafuta bingwa. Hapo Bulldogs wakaanza kwa kujikwaa. Walipigwa 30 kwa 22 na North Queensland Cowboys, timu iliyokuwa haijapata kuifikia hatua ile hata siku moja. Waliokuwa wakiwangojea waanguke wakapumua: kumbe ni walewale. Lakini kwa kuwa walikuwa wamemaliza juu, kanuni iliwapa nafasi ya pili, nao hawakuichezea. Wakawapiga Melbourne Storm 43 kwa 18. Wakawapiga Penrith Panthers, mabingwa wa mwaka uliotangulia, 30 kwa 14. Wakafika fainali, na aliyewangoja huko ni yuleyule aliyewatoa mwaka 2003: Sydney Roosters.

DAKIKA YA MWISHO

Fainali ilichezwa tarehe 3 Oktoba 2004, katika mwezi wa Shaaban, siku 12 hivi kabla ya Ramadhani. Watazamaji walikuwa 82,127. Upande mmoja Roosters, watoto wa mashariki ya mji, kwenye fukwe na majumba ya thamani, na nahodha wao mashuhuri Brad Fittler akicheza mechi yake ya kuagana na klabu. Upande wa pili Bulldogs, watu wa mitaa ya reli na viwanda. Timu hizi mbili zilikuwa hazijakutana fainali tangu mwaka 1980.

Na Bulldogs wakaingia bila ya nahodha. Steve Price alikuwa ameumia goti. Mtu aliyeitumikia klabu kwa miaka mingi, ambaye tayari alikuwa amekubaliana kuhamia Nyuzilandi msimu unaofuata, siku ya siku alivaa suti akakaa pembeni. Unahodha akapewa Andrew Ryan. Katika mapengo yaliyopatikana akaingia kijana mmoja wa akiba, mwenye asili ya wenyeji wa kale wa Australia, jina lake Johnathan Thurston.

Mapumziko yalifika Roosters wakiongoza 13 kwa 6. Kipindi cha pili Bulldogs walifunga mlango. Roosters hawakupata hata pointi moja, nao Bulldogs wakaongeza 10. Matt Utai alifunga trai 2 na Hutch Maiava 1. Ikawa 16 kwa 13. Lakini pointi 3 katika raga ni kama ukuta wa makuti: trai moja tu na nyumba imeingiwa. Roosters wakashambulia mpaka dakika ya mwisho, na katika sekunde za mwisho Michael Crocker akaupata mpira, mstari uko mbele yake. Andrew Ryan akajirusha chini, akamkamata miguu, akamwangusha. Kipenga kikalia. Bulldogs wakawa mabingwa kwa mara ya 8 katika historia yao, na nishani ya mchezaji bora wa fainali akapewa Willie Mason.

Sasa tazama jambo hili ambalo wengi hulipita. El Masri, mwenye pointi 342, siku ya fainali alipata 4 tu, za mikwaju miwili. Hakufunga trai. Picha za magazeti zikawa za Ryan, za Mason na za Utai. Lakini ziondoe zile pointi 4, na Bulldogs wanabaki na 12 mbele ya 13 za Roosters. Kombe zima lilikaa juu ya mikwaju miwili ya mtu ambaye hakuimbwa sana usiku ule.

Nami kwa kuwa nimezoea kuyatia vinani yanayonigusa, nimemfungia ubeti huu mmoja:

Mpira hauna dini, haujui uhasama,
Huanguka uwanjani, kwake mwenye kusimama,
Heshima ni ya moyoni, haishonwi kwa alama,
Mtu hupimwa kwa nini? Kwa tendo lililo jema.

PETE YA THURSTON

Mabingwa wa ligi ile huvishwa pete. Thurston, kijana wa miaka 21, alivishwa yake, kisha akaivua. Akampa Steve Price, kwa kuona kwamba nafasi ile aliipata kwa sababu ya goti la mwenziwe. Hakulazimishwa na mtu, wala hakujua kwamba atapata nyingine. Mwaka uliofuata alihamia Cowboys, na ilimchukua mpaka mwaka 2015 kuwa bingwa tena, safari hiyo akiwa nahodha mwenyewe. Katika klabu iliyoanza mwaka ikitajwa kwa aibu, mwaka uliishia kwa pete iliyotolewa bure. Mimi silitumii jambo hilo kufuta lile la kwanza. Yote mawili yalitoka nyumba moja, na mwenye kuandika kweli hana budi ayaweke yote mawili juu ya mkeka.

Wala kombe halikuuponya mji. Tarehe 11 Desemba 2005, miezi 14 tu baada ya fainali, watu wapatao 5,000 walikusanyika ufukoni Cronulla, kusini ya Sydney, na wengi wao wakawashambulia watu waliodhaniwa kuwa Waarabu. Mji uleule ulioshangilia mguu wa El Masri ulikuwa na watu wasiotaka kumwona mfano wake akiota jua. Kwa hivyo tusipende kusema kwamba michezo huondoa chuki. Kazi yake ni ndogo kuliko hivyo: humnyima mwenye chuki hoja moja, kisha nyingine, na mtu mmoja mmoja hubadili nia yake kimyakimya.

El Masri aliendelea mpaka mwaka 2009. Mwaka huo aliipita rekodi ya Andrew Johns, akawa mfungaji mkubwa kuliko wote katika historia ya ligi ile, akastaafu na pointi 2,418 katika mechi 317, zote za Bulldogs. Rekodi hiyo ilidumu miaka 10, mpaka Cameron Smith alipoipita mwaka 2019. Sonny Bill naye aliondoka Bulldogs mwaka 2008, katikati ya msimu na kwa ugomvi wa mkataba, akaenda Toulon, Ufaransa. Huko ndiko alikosilimu. Mambo ya moyo ni ya Mungu, nami sitasema nani alimwongoza nani. Najua tu kwamba kabla ya Toulon, kijana yule alikuwa amekaa chumba kimoja cha kubadilishia nguo na mtu aliyeswali, asiyelewa, wala asiyemgombeza mwenziwe kwa kutofanya kama yeye.

Vijana wa barazani, jibu lenu ndilo hilo. Na siku mtakapokwenda ugenini kwa masomo, kwa kazi au kwa mpira, mtakuta nyumba yenye vyumba vingi. Someni milango yake kabla ya kuingia.